Saa moja jioni kando ya ziwa

Katika mtaa wa Obunga, mjini Kisumu, moto wa biashara huwashwa jua likianza kupoa. Wanawake hukaa nyuma ya makarai ya mafuta na kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kuuzwa ng'ambo. Wanunuzi ni mafundi wa jua kali, vibarua wa ujenzi, waendesha bodaboda na akina mama wanaorudi nyumbani kutoka soko la Kibuye wakiwa na shilingi chache za mboga ya usiku. Mauzo huanza kuchangamka saa kumi na moja na huisha kama saa tatu. Mchana hakuna anayekuja, kwa sababu mteja mwenyewe bado hajalipwa.

Katikati ya Juni 2021, Wizara ya Afya iliitangaza Kisumu na kaunti nyingine 12 za Nyanza, magharibi na sehemu za Bonde la Ufa kuwa kitovu cha maambukizi ya korona. Amri ya kutotoka nje ikaanza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Masoko ya mifugo na ya bidhaa zisizo chakula yakafungwa kwa siku 30. Ibada za kukusanyika zikasitishwa. Harusi zikawekewa ukomo wa watu 30, mazishi watu 50, na kila maiti ikatakiwa kuzikwa ndani ya saa 72 tangu kifo kuthibitishwa.

Sitaki kusema amri hiyo ilikuwa ya bure. Hali ilikuwa mbaya. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba katika kaunti hizo 13, watu takriban 21 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na virusi, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 9. Vitanda vya wagonjwa wa korona katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, vilijaa. Familia zilihangaika kutafuta oksijeni. Virusi vya aina ya Delta, ambavyo miezi hiyo hiyo vilikuwa vikiua India kwa maelfu, vilitambuliwa nchini kwa mara ya kwanza hapa Kisumu mwanzoni mwa Mei 2021, miongoni mwa wafanyakazi waliotoka India kuja kazini kiwandani. Mwezi haukuisha vizuri kabla ya mji kuandaa sherehe za Madaraka za Juni 1 katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta, Mamboleo.

Wataalamu wa afya walionya mapema kuhusu sherehe hizo. Walioruhusiwa kuingia uwanjani walikuwa sehemu ndogo tu ya viti, lakini anayeijua Kisumu anajua kwamba uwanja ni mwisho wa safari. Watu walikutana katika magari, hotelini, kando ya barabara za Kondele na katika ziara za Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, za siku kadhaa za kuzindua miradi. Lilikuwa jambo la fahari kubwa. Eneo ambalo kwa miongo mingi lilijiona limesukumwa pembeni lilipewa siku ya taifa, na lilitaka kujitokeza. Siwezi kumlaumu mtu aliyetoka nyumbani siku ile kusimama kando ya barabara. Ninawalaumu waliokuwa na takwimu mkononi wakaendelea na mpango, kisha wiki mbili baadaye wakamwambia yule mama wa Obunga azime moto saa moja.

Hapo ndipo ugumu wa mwaka wa pili wa janga ulipojificha. Mwaka wa kwanza watu walitii kwa sababu waliogopa, na waliogopa kwa sababu hawakujua. Kufikia katikati ya 2021 walikuwa wanajua mengi. Walikuwa wameuguza na kuzika. Watoto walikaa nyumbani tangu Machi 2020, wengi wao mpaka Januari 2021. Swali halikuwa tena kama korona ipo. Lilikuwa: nitajikinga vipi na bado nile, nizike, nisali, nimfikishe mtoto hadi mtihani? Mtu anayeuliza hivyo ameshakubali tahadhari. Anachoomba ni tahadhari anayoweza kuibeba kila siku.

Amri nyingi ziliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara anayefanya kazi mchana na kulala usiku. Ufuoni si hivyo. Omena huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza, kwa taa zinazoelea juu ya maji na kuwavuta wale samaki wadogo kwenye nyavu. Nyavu za mbuta na ngege hutegwa jioni na kuvutwa kabla ya mapambazuko. Wachuuzi hufika fuo za Dunga na Usoma kungali giza, kwa sababu anayechelewa hupata masalio, na omena wakikosa jua la asubuhi hawakauki vizuri. Katika kipindi chote cha kafyu, kuanzia Machi 27, 2020 hadi ilipoondolewa Oktoba 20, 2021, saa zilibadilishwa mara kadhaa, lakini kwa ufuo tatizo halikubadilika: kazi ilikuwa upande ule wa saa uliokatazwa. Na mvuvi aliye na wenzake watatu tu kwenye mashua, katikati ya upepo wa ziwa, alikuwa miongoni mwa watu wenye hatari ndogo kabisa ya kuambukizana.

Wakati huohuo, saa kumi na mbili jioni kwenye stendi ya matatu ya Kondele, watu walisukumana kuingia magarini ili wafike nyumbani kabla ya polisi kuweka vizuizi. Ile amri iliyokusudiwa kuwatawanya iliwabana pamoja kwa dakika arobaini, pua kwa pua, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mvua. Tulikuwa tumeshajua kufikia wakati huo kwamba virusi hivi husafiri kwa pumzi katika hewa iliyofungwa. Shirika la Afya Duniani liliandika hivyo bayana mwaka huohuo wa 2021. Lakini bado tulikuwa tunanyunyizia mikono dawa mlangoni mwa gari lisilo na dirisha lililo wazi.

Katika haya yote, mazishi ndiyo yaliyouma zaidi, na hapa lazima nikae kidogo.

Kwa Waluo, mtu huzikwa kwao. Kesi ya wakili S.M. Otieno iliwafanya Wakenya wote walifahamu hilo: alikufa Desemba 20, 1986, na mjane wake na ukoo wa Umira Kager wakavutana mahakamani hadi alipozikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987. Siku 154. Kati ya kifo na kaburi kuna mambo ya kufanywa: ndugu wa mbali wasubiriwe, nyumba ya marehemu ijengwe kama hakuwa na nyumba, fedha zichangwe, mwili ulale boma lake usiku mmoja, na kwa mzee aliyeheshimika, ng'ombe wapigwe mbio katika tero buru ili kifo kifukuzwe kijijini. Baada ya maziko, jamaa hukaa siku kadhaa wakimliwaza mfiwa. Ukiambiwa saa 72, umeambiwa uchague lipi kati ya hayo liachwe.

Na saa 72 hazikuja kwenye ardhi tupu. Aprili 2020, katika kaunti ya Siaya, mwanamume aliyekuwa amesafiri kutoka Mombasa alizikwa usiku wa manane na maafisa waliovaa mavazi meupe, bila jeneza, akiwa ndani ya mfuko, familia ikiwa imewekwa mbali. Picha za video za mwili ukitupwa kaburini zilisambaa nchi nzima. Sijui kijiji kando ya ziwa ambacho hakikuziona. Tangu siku ile, kwa watu wengi, kwenda kupimwa kulimaanisha kuhatarisha maziko yako mwenyewe. Wagonjwa walifichwa nyumbani wakifukizwa mwarobaini na majani ya limau, wakafikishwa hospitalini pumzi ikiwa imebaki kidogo, na waliopona walisema walikuwa na malaria. Uchungu wa jambo hilo ni kwamba halikuhitajika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Machi 2020 ulisema hakukuwa na ushahidi wa mtu aliyeambukizwa na maiti ya aliyekufa kwa korona. Hatari ilikuwa kwa walio hai: ndani ya nyumba usiku wa mkesha, kwenye basi lililofungwa madirisha kutoka Nairobi kupitia baridi ya Mau Summit, na kwenye kwaya iliyobanana mbele ya jeneza. Tuliogopa mwili, tukapanda basi bila wasiwasi.

Kufikia mwishoni mwa 2021 na mwaka 2022, niliona katika mazishi ya Seme na Nyakach mambo ambayo hakuna waziri aliyeyatangaza. Mkesha ulihamishwa nje, chini ya turubai lisilo na pazia. Wajomba na akina nyanya waliwekewa viti vyao chini ya mti, mbali na umati, na salamu zikapelekwa kwao kwa kupunga mkono. Hilo si jambo dogo kwa jamii ambayo kumfikia mfiwa na kumshika mkono ndiyo pole yenyewe. Waliotoka mjini waliombwa walale Kisumu na wafike asubuhi ya maziko badala ya kujazana katika nyumba za ndugu. Michango ilitumwa kwa M-Pesa, na mwenye kutuma hakuonekana mchoyo kwa kutofika. Hotuba, zile ambazo kila mwanasiasa hutaka kuzinyoosha hadi alasiri, zilikatwa. Mama mmoja mzee alipoulizwa kama hakusikitika kuona mazishi ya ndugu yake yameisha saa saba mchana, alijibu kwamba amezika wengi kwa muda mrefu na wachache kwa heshima.

Hakuna aliyezitii hatua hizo kwa kuogopa faini. Zilidumu kwa kuwa wenye boma walizipanga wenyewe, wakijua lipi la kuachwa na lipi lisiloguswa. Mwili ulilala boma lake. Kaburi lilichimbwa mahali pake. Yaliyobaki yalijadiliwa.

Eneo hili lilikuwa limeshapitia mjadala wa aina hii kabla ya korona. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba watu wazima 19.6 katika kila 100 kaunti ya Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya ukimwi, Kisumu 17.5, Siaya 15.3, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Nyuma ya nambari hizo kuna miaka mingi ya watu kujifunza kuoa, kuzaa, kuvua samaki na kuzeeka huku wakibeba tahadhari isiyoisha. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya vitisho, mabango ya mafuvu na mafumbo ya chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Vitisho viliwafanya watu wafiche. Kilichobadilisha mambo ni dawa zilizopatikana karibu, vikundi vya wagonjwa waliosaidiana, na wahudumu wa jamii waliobisha mlangoni bila gari lenye maandishi.

Kisa cha tohara kinaonyesha hili vizuri zaidi. Waluo hawakuwa na desturi ya kutahiri. Utafiti uliofanywa hapa Kisumu kwa vijana 2,784, ukasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa wazi mno, ulionyesha kwamba tohara hupunguza maambukizi kwa wanaume kwa zaidi ya nusu. Serikali ingeweza kuamuru, na ingeshindwa. Badala yake kulikuwa na vikao na Baraza la Wazee wa Kiluo, lililoanza kwa kupinga. Viongozi akiwamo Raila Odinga walizungumza hadharani mwaka 2008, na jambo likaelezwa kama tiba, si kama kubadili kabila. Leo kijana wa mtaa wa Manyatta haoni ajabu. Ilichukua muda, lakini haikuhitaji askari hata mmoja.

Korona ilipoingia, watu hao hao wa kliniki za ukimwi ndio waliokuwa wa kwanza kufikiri sawasawa. Wagonjwa wengi walipewa dawa za miezi mitatu kwa mpigo ili wasipange foleni kila mwezi. Ni hatua ndogo ya kiutawala, haikuhutubiwa popote, na iliwakinga watu wengi bila kuwafungia. Nikitafuta mfano mmoja wa kusawazisha hadhari na maisha katika kipindi kile chote, nauchukua huo.

Hata kuhusu chanjo, maneno kwamba watu wa ziwa ni wagumu hayakuwa na haki. Kisian, kando ya barabara ya kwenda Busia, kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ambacho kilipima sampuli za korona za eneo zima. Kombewa na Siaya zilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria kuanzia 2009, na Septemba 2019 chanjo hiyo ilizinduliwa kwa watoto wa Homa Bay, kabla ya nchi nyingi za Afrika kuwa nayo. Akina mama waliopeleka watoto wao hawakuwa wakiogopa sindano. Waliposita mwaka 2021 ni kwa sababu dozi za AstraZeneca zilizoanza kutolewa Machi zilikatika India ilipozuia kuuza nje, waliochanjwa dozi ya kwanza wakangoja ya pili bila kuelezwa, na habari za kuganda kwa damu zikajaza pengo. Mwezi Novemba serikali ikatangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa atanyimwa huduma za umma. Mahakama Kuu ilisitisha amri hiyo wiki moja kabla ya tarehe. Nafurahi ilisitishwa, ingawa mimi mwenyewe nilichanjwa mapema na niliwasihi wote walionisikiliza wachanjwe. Mtu anayekwenda kuchukua kitambulisho hapaswi kukutana na sindano kama kizuizi cha polisi.

Kuna jambo jingine lililoivunja tahadhari, nalo halikutoka kwa wananchi. Makanisa yalipofungwa, mikutano ya siasa haikukoma. Sheria iliikataza nayo, lakini misafara ya kuelekea uchaguzi wa Agosti 2022 ilipita, vipaza sauti vikinguruma, vijana wakiwa wamening'inia magarini, na barakoa zikiwa kidevuni mwa waheshimiwa. Raila mwenyewe alilazwa na korona Machi 2021, na hapa habari hiyo iliwafanya wengi wavae barakoa vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha wakaona umati ukirudi. Mfuasi wa kanisa la Legio Maria aliyeambiwa asiende kusali huku akitazama mkutano wa hadhara kwenye runinga alifanya hesabu yake, na ni vigumu kumwonyesha alikosea wapi.

Machi 11, 2022, sharti la kuvaa barakoa nje liliondolewa. Ulikuwa uamuzi mzuri uliochelewa, maana nje ndiko zilikohitajika kidogo. Mei 17 hadi 21 mji ulipokea mkutano wa Africities, na hoteli zilizokuwa zimekauka zikapata wageni kutoka bara zima. Kwa wahudumu, madereva wa tuktuk na wauza samaki wa Dunga, wiki ile ilikuwa ya kufidia miaka miwili. Juni 20 barakoa zikarudishwa kwa ndani na katika magari kwa sababu maambukizi yalipanda, na karibu hakuna aliyegeuka. Madumu ya maji yenye mfereji yaliyowekwa milangoni mwa maduka mwaka 2020 yalikuwa yamekauka. Hilo lilinisikitisha kuliko suala la barakoa, kwa sababu huu ni mji unaougua kipindupindu, na maji yale yangefaa hata korona ikiondoka.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura Mei 5, 2023. Kenya ilikuwa imethibitisha vifo zaidi ya 5,600, na kila anayeishi huku anajua makaburi ambayo hayamo katika hesabu hiyo.

Oktoba 2025 Raila Odinga alifariki India. Familia ilieleza kwamba alitaka azikwe haraka, ikiwezekana ndani ya saa 72. Alifariki Jumatano, Jumamosi mwili wake ukaagwa Mamboleo na umati ambao sijapata kuuona, na Jumapili akazikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo. Kulikuwa na waliolalamika kwamba ni haraka mno. Lakini hakuna aliyesema ni matusi, kama walivyosema 2021 juu ya saa hizo hizo, kwa kuwa safari hii zilitoka kinywani mwa mwenye maziko.

Ugonjwa mwingine utakuja. Mpox ilishafika nchini 2024 kupitia mpaka wa Taita Taveta, na Busia iko hapa jirani na malori yake. Mipango ya dharura ya kaunti za ziwa inafaa kuandikwa na kurekebishwa kabla ugonjwa haujafika, na huu ndio wakati wa kuijaza mambo yanayojulikana. Iandikwe kwamba mashua na wachuuzi wa alfajiri wana kibali cha usiku kupitia kamati za ufuo, zile BMU ambazo tayari zina majina ya kila mwenye chombo. Iandikwe kwamba masoko ya chakula ya jioni yanatandazwa mahali pa wazi badala ya kufungwa saa moja. Magari yaongezwe saa za kurudi nyumbani. Mwongozo wa mazishi uandikwe na wazee, wahudumu wa mochari, mapadri na maaskofu wa makanisa ya kienyeji wakiwa mezani pamoja na madaktari, useme wazi kwamba familia itaruhusiwa kuuona mwili, kuuvisha na kuulaza boma lake, na kwamba hakuna atakayezikwa usiku na wageni. Mwongozo huo usomwe barazani na machifu kabla haujahitajika, kwa Dholuo, Kisuba na Kiswahili.